Miezi Minne ya Kutafuta Usingizi

Nilianguka kwenye baiskeli Jumamosi moja mchana, nikitoka Sake kurudi Goma, pale barabara inaposhuka kabla ya kufika Mugunga. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa darasa la tatu kwenye shule ya misheni, na ile ilikuwa baiskeli yangu ya kwanza. Nyuma nilikuwa nimefunga kuku mmoja na kitunga cha maharagwe mabichi ya mke wangu. Kamyo ya kahawa ilikuja kutoka mbele na vumbi lake lote. Nikasogea pembeni kuipisha, gurudumu likaingia kwenye ufa wa mawe ya volkano, na hapo kumbukumbu yangu inakatika.

Inaanza tena nikiwa nimeketi juu ya jiwe, kuku mikononi, shati lina damu kidogo begani. Mama mmoja muuza viazi vitamu ananishikia kikombe cha maji. Kati ya ule ufa na kile kikombe palikuwa na muda, watu walisema kama robo saa, na mimi simo ndani yake. Dereva wa kamyo alikuwa mtu mwema. Aligeuza gari, akanipandisha mbele karibu naye, akaweka baiskeli juu ya magunia, akanifikisha mpaka mlangoni.

Mke wangu alinipeleka kwenye dispansere kabla sijavua viatu. Mwuguzi wa pale, ambaye sote tulimwita muganga, alikuwa mzee mwembamba mwenye vidole virefu. Aliosha kidonda juu ya sikio la kulia, akapaka dawa ya kuchoma, akaniwashia toshi kwenye jicho moja kisha jingine.

“Fuata kidole changu. Vizuri. Leo ni siku gani?”

“Jumamosi.”

“Umetapika?”

“Hapana.”

“Basi, kichwa kimetikisika tu, hakikuvunjika. Umeona kiazi kikianguka chini? Ganda linabaki zima, lakini ukikikata unakuta mahali peusi. Na wewe uko hivyo. Itaisha, lakini haitafuata haraka yako. Pumzika. Utalala kama mutoto.”

Juma la kwanza alisema kweli. Nililala mchana na usiku, nikaamshwa kula, nikalala tena. Kichwa kilikuwa kizito kama mtungi uliojaa. Juma la pili nilirudi shuleni, na usiku wa Jumatatu nikajilaza kama kawaida, nikafumba macho, nikangoja. Hakuna kilichokuja. Nilisikia mke wangu akipumua. Nilisikia saa yetu ya kengele mezani, tik, tik, tik, kama mtu anayevunja njugu bila kuchoka. Nikasikia jogoo wa kwanza, kisha wa pili, kisha nikaona mwanga chini ya mlango. Usiku wa Jumanne ukawa hivyohivyo, na wa Jumatano pia.

Nataka nieleze vizuri, maana watu hudhani asiyelala hajachoka. Mimi nilichoka mpaka kwenye meno. Mchana sauti ya chaki ubaoni ilinikata kama wembe. Nilisahau majina ya wanafunzi niliowafundisha tangu mwaka uliotangulia. Lakini nikilala chini, mwili unalegea, macho yanakuwa mazito, nafika mlangoni kabisa, halafu mlango haufunguki.

Miaka ile ya ukoloni mtu mweusi hakuruhusiwa kutembea mjini usiku bila karatasi. Kwa hiyo sikuweza kwenda popote. Nilitoa kiti nje, nikaketi kizingitini nimejifunika blanketi. Anga la kaskazini lilikuwa jekundu juu ya mlima wa volkano, kama kila siku. Mbwa wa jirani walinizoea, wakaacha kubweka. Nikaanza kujiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza maishani: watu wote hawa, nyumba hii na ile, wamefanyaje? Wameingiaje kule?

Asubuhi nilimwuliza mke wangu, akichochea uji.

“Unafanyaje?”

“Kufanya nini?”

“Kulala. Ukilala chini, unaanza na nini?”

Alinitazama na mwiko mkononi. “Ninalala tu, Mwalimu.”

“Lakini mbele ya kulala. Dakika ile.”

Alifikiri kwa dhati, maana ni mtu asiyependa kujibu ovyo. “Sijui,” akasema. “Sijawahi kuiona.” Kisha akacheka. Kwao ni upande wa Butembo, watu wa biashara za mbali, na usingizi kwao si kitu cha kusumbua. “Baba yangu analala juu ya magunia ya chumvi, kamyo inatembea. Ukimuuliza atafikiri umerogwa.”

Nilianza kuuliza kila mtu. Fundi cherehani wa jirani alisema yeye husali rozari na hajawahi kufika fungu la tatu. Nilijaribu. Nilimaliza rozari nzima mara mbili, nikaongeza litania, nikabaki macho, ingawa nadhani Bikira Maria alinishukuru. Muuza nyama sokoni aliniambia nioshe miguu kwa maji baridi. Mama mkwe alituma majani fulani kwa kamyo, yamefungwa kwenye jani la mgomba, na maneno kwamba niyaoge, si kuyanywa. Mwenzangu wa darasa la nne alisema nisome sarufi ya Kifaransa kitandani. Nilisoma mpaka nikafika kwenye vitenzi visivyofuata kanuni, nikavutiwa navyo, nikakesha navyo.

Mimi ni mwalimu, na mwalimu akishindwa na jambo huchukua daftari. Nilipiga mistari mitatu: nilichojaribu, saa nilizolala, hali ya kichwa asubuhi. Niliandika kwa Kifaransa, kwa sababu niliona ni kazi ya elimu. Kila dawa niliipa siku tatu. Maziwa ya moto, siku tatu. Kuacha kahawa, siku tatu, na hizo zilikuwa mbaya kuliko zote. Kugeuza kitanda ili kichwa kielekee ziwani, siku tatu. Kwenye mstari wa saa nilizolala niliandika sifuri, sifuri, nusu, sifuri.

Sasa nifike kwenye mambo ya shule.

Ilikuwa baada ya mapumziko ya mchana, mabati yamepata moto, tunasoma hesabu. Mwanafunzi mmoja wa safu ya tatu, mtoto wa mchunga ng'ombe kutoka milima ya Masisi, akaanza kusinzia. Siku nyingine ningegonga meza yake kwa fimbo. Siku ile nilinyamaza, nikasogea polepole. Nilikuwa nimepata bahati ya kuona usingizi ukimjia mtu mchana kweupe, mbele ya macho yangu.

Niliinama karibu naye. Kope zilishuka, zikapanda, zikashuka zikabaki. Kichwa kiliinama kidogo, kikarudi, kikainama zaidi. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kalamu juu ya kibao cha kuandikia, na kalamu ilianza kuchora mstari ambao haukuwa namba tena, mstari unaoteremka wenyewe kuelekea ukingoni. Kisha vidole vikafunguka. Kalamu ikaviringika.

Nikageukia darasa. Wote walikuwa kimya kama kanisani.

“Nani aliona?” nikanong'ona. “Ilianza wapi?”

Mkono mmoja ukainuka. “Mwalimu, kwenye macho.”

“Hapana, Mwalimu,” akanong'ona mwingine, “ilianza kwenye mukono. Macho yalikuwa bado wazi kidogo.”

“Kwenye mudomo! Aliacha mudomo kwanza!”

“Polepole, musimwamushe,” nikasema. Nikainama tena kuona mdomo, na nilipoinua macho nikamwona padri mkurugenzi amesimama mlangoni, mikono nyuma. Sijui alikuwa hapo tangu lini.

“Mwalimu,” akasema. Alikuwa Mzungu aliyekaa nchini miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila cha taratibu sana. “Hili ni somo gani?”

“Ni hesabu, Padri.”

Alitazama ubao, akamtazama mtoto anayelala, akanitazama mimi niliyeinama. “Njoo kwangu saa kumi.”

Saa kumi nilimweleza yote. Niliona heri kusema ukweli kuliko kuonekana mwendawazimu. Nilimpa hata daftari. Alilifungua, akageuza kurasa mbili tatu bila kubadilika uso.

“Inspekta anakuja mwezi ujao,” akasema. “Siwezi kumwonyesha mwalimu anayeamuru watoto wasimwamshe mwenzao. Utakaa nyumbani majuma mawili. Mwalimu wa darasa la nne atachukua watoto wako pamoja na wake.”

“Na baada ya majuma mawili, Padri?”

“Baada ya majuma mawili tutaona.”

Daftari alibaki nalo. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwaza neno moja tu, tutaona. Mwalimu aliyefukuzwa misheni hakuwa na pa kwenda, labda karani kwenye depo ya kahawa. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Majuma mawili ni mingi. Usiyakae ndani ya nyumba.”

Kwa hiyo Jumatano nilitembea mpaka Mugunga. Baiskeli nilikuwa bado naiogopa. Nilitaka kumwona yule mama wa viazi, maana robo saa yangu iliyopotea ilikuwa kwake, na kama sikuweza kupata usingizi, basi angalau nipate ile. Nilimkuta palepale, karibu na lile jiwe, mbele ya mafungu yake ya viazi vitamu.

“Hee, Mwalimu! Uko mzima?”

“Niko mzima, Mama. Ulijuaje mimi ni mwalimu?”

Akaanza kucheka mpaka akashika mbavu. “Ulituambia mwenyewe! Hukumbuki?”

“Sikumbuki kitu. Nimekuja uniambie.”

Alinisogezea kigoda, akanipa kiazi cha moto, akanisimulia. Nilipoanguka nililala chini kimya muda mfupi, akadhani nimekufa. Kisha nikainuka peke yangu, nikajipangusa magoti, nikawasalimia wote kwa heshima. Nikauliza leo ni siku gani. Wakanijibu Jumamosi. Nikashukuru. Nikauliza tena, wakanijibu, nikashukuru tena, mpaka mara ya tano. Halafu nikamwendea dereva wa kamyo, aliyekuwa anatetemeka kuliko mimi, nikamwambia kwa ukali aende asimame kwenye kona.

“Kona gani?” nikauliza.

“Ndiyo na yeye aliuliza! Barabarani kona iko wapi? Alihangaika, masikini, akaenda kusimama karibu na kamyo yake na kuangalia tairi. Ukasema, vizuri, baki hapo. Kisha ukaenda kumukamata kuku.”

Nilicheka naye, lakini njiani nikirudi nilikuwa nawaza sana. Robo saa nzima niliongea, nikatembea, nikaadhibu mtu, nikakamata kuku, na mimi mwenyewe sikuwapo. Ningeapa mbele ya hakimu kwamba mambo hayo hayakutokea. Nilimsimulia mke wangu jioni ile. Hakucheka nilivyotazamia. Alinitazama, kama mtu anayepima kitambaa kwa macho.

“Kwa hiyo kichwa chako kinaweza kukudanganya,” akasema.

“Kilinidanganya siku ile tu.”

“Mm,” akasema, akaenda kufunika moto.

Usiku ule nikajilaza kama kawaida. Nikasikia saa, nikasikia mbwa, nikahesabu mistari ya mabati mpaka jogoo. Asubuhi mke wangu akaniletea chai kitandani, jambo ambalo halikuwa desturi yake.

“Ulilala?”

“Hapana.”

“Hata kidogo?”

“Hata lepe moja. Nilisikia jogoo wote.”

“Basi funua blanketi, uangalie muguu yako.”

Nikafunua. Kwenye mguu wa kushoto palikuwa na nyuzi tatu za mgomba, kila mmoja umefungwa kwenye kidole chake kwa fundo safi, kama tunavyofunga mafungu ya mboga. Nilizitazama muda mrefu. Kwanza nilikasirika.

“Ulizifunga asubuhi hii.”

“Ya kwanza nilifunga kabla ya jogoo. Nilikuita mara mbili, haukujibu. Ya pili nilifunga jogoo amekwisha kulia. Ya tatu nilifunga nikiamka kuwasha moto, na hiyo nilivuta nguvu kidogo, ukageukia ukuta.”

“Na mimi nilikuwa nafanya nini?”

“Ulikuwa unakoroma, Mwalimu.”

Nikaona macho yake yamevimba. Alikuwa amekesha usiku mzima, mtu asiyejua hata usingizi unaanzaje, kwa ajili ya kunifungia nyuzi. Hasira ikaniisha. Nilitaka kujua yote: nilikoroma kwa muda gani, nilisema neno, mdomo ulikuwa wazi au umefungwa? Alijibu yote kwa subira, kisha akalala mpaka saa sita mchana, na mimi nikapika maharage.

Sikupona siku ile. Lakini kitu kimoja kiligeuka. Hofu yangu kubwa ilikuwa kwamba usingizi umekufa ndani ya kichwa changu, kwamba lile doa jeusi alilolisema muganga limeula. Sasa nilijua unakuja, mdogo, wa vipandevipande, unaingia na kutoka bila kuniaga. Zile sifuri zote za daftarini zilikuwa uongo, ingawa niliziandika kwa moyo mweupe.

Nilirudi kwa muganga, nikamweleza habari za nyuzi na za daftari. Alifurahi sana, akamwita msaidizi wake aje asikie. Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

“Kitandani unaangalia saa?”

“Naiangalia, muzee.”

“Mara ngapi?”

“Kila nikigeuka, najua ni saa ngapi.”

“Mchana unajilaza?”

“Nikichoka, ndiyo. Kujaribu.”

“Acha kujaribu. Saa itoke ndani ya chumba leo. Mchana usilale hata macho yakianguka. Usiku macho yakikataa, usibaki kitandani kugombana nayo, toka, ukae, urudi yakikubali. Lakini asubuhi uamke wakati uleule, ulale usilale. Na utembee. Daftari nyingine usinunue.”

“Itachukua muda gani?”

“Nilikuambia siku ya kwanza. Haitafuata haraka yako.”

Mke wangu aliifunga saa ndani ya kitenge, akaipeleka kwa fundi cherehani, ambaye alilala nayo vizuri. Nilianza kutembea kila asubuhi mpaka ufukweni na kurudi, kisha mpaka nje ya mji. Usiku wa kwanza bila saa ulikuwa mrefu kupita kiasi. Wa tatu nikagundua sijui ni saa ngapi, na kwamba kutokujua kunapumzisha. Wa tano au wa sita nikaota ndoto, mbuzi wawili wakinunua viatu, nikaamka nimefurahi kama mtu aliyepokea barua. Mtu asiyelala haoti mbuzi.

Majuma mawili yalipokwisha nilikwenda kwa padri, kofia mkononi. Alikuwa na daftari langu mbele yake, na nikaona wino mwekundu. Alinisogezea. Alikuwa amelisahihisha lote, ukurasa kwa ukurasa. Kila kitenzi nilichokosea kukiandika kwa Kifaransa alikipigia mstari na kuandika kilicho sahihi juu yake. Kwenye ukurasa wa maziwa ya moto aliandika kwamba neno maziwa, kwa Kifaransa, ni la kiume. Juu ya kutolala kwangu hakuandika neno hata moja.

“Kazi ni ya makini,” akasema, “lakini makosa ni mengi. Unalala?”

“Kidogo, Padri. Zaidi ya nilivyodhani.”

“Kesho darasani. Mtoto akisinzia?”

Nilisita. “Nitamwamsha, Padri. Polepole.”

Alikubali kwa kichwa, akachukua karatasi nyingine. Inspekta alikuja, akakaa darasani nusu saa, akauliza watoto mito na miezi ya mwaka, akaondoka. Yule mtoto wa Masisi ndiye aliyejibu vizuri kuliko wote.

Usingizi ulirudi kama mtu aliyekosana na nyumba: leo anachungulia, kesho haonekani, keshokutwa anaketi kidogo. Mwezi wa tatu nililala usiku mbili mfululizo, kisha nikakosa mmoja. Mwezi wa nne mvua zilianza. Usiku mmoja ilinyesha juu ya mabati kwa kishindo ambacho miezi miwili nyuma kingenitia wazimu. Nilijilaza nikaisikiliza, nikiwaza kama nilifunga banda la kuku. Kilichofuata nilikuta jua limejaa chumba kizima, na mke wangu ameketi kwenye ukingo wa kitanda akimenya viazi ndani ya sufuria.

“Ni saa ngapi?”

“Hatuna saa,” akasema. “Lakini watoto wa shule wamepita zamani.”

Nilikimbia bila kunawa. Watoto walikuwa wameanza kusoma wenyewe kwa sauti, kila mmoja ukurasa wake. Padri alikuwa kwenye baraza na kitabu cha mahudhurio.

“Umechelewa, Mwalimu.”

“Nimechelewa, Padri. Nililala.”

Alitazama saa yake ya mkononi, akaandika kuchelewa kwangu kwa dakika kamili, kwa wino uleule mwekundu, na mimi nikasimama pale mbele yake nikijaribu kuzuia uso wangu usicheke.